Sketi Yenye Uso wa Mheshimiwa

Mimi Mbula sijawahi kwenda mkutano wa siasa kusikiliza siasa. Ya nini? Ahadi zao nimezijua tangu nikiwa msichana. Nilikuwa naenda kuangalia mke wa Mheshimiwa amevaa nini. Nimeshona nguo hapa Kithimani tangu mwaka wa themanini na nne, na fundi akiona nguo mbaya mikono inamwasha kama kinyozi aliyeona kichwa kichafu.

Na nguo mbaya nilikuwa naziona. Mama Kamanthe, mke wa Mheshimiwa Bartholomew Masila, mbunge wetu, alikuwa akivalishwa vibaya hadi nakasirika mimi. Nasema akivalishwa kwa sababu si yeye aliyekuwa akichagua, na wilaya nzima ya Machakos ilijua hivyo. Siku ya mazishi ya chifu kule Kithyoko, jua la kupasua mawe, alikuja na koti zito lenye manyoya shingoni, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa amelileta kutoka ng'ambo na alitaka lionekane. Konza, walipoenda kukabidhi mafahali wa mbegu, alivishwa viatu vya visigino virefu, akawa anazama kwenye samadi kila hatua. Sikukuu ya Jamhuri alivaa suti ya kijani kwa sababu tai ya Mheshimiwa ilikuwa ya kijani, na kofia pana mno hata mkuu wa wilaya aliyekaa nyuma yake hakuliona gwaride. Mwanamke mwenye mabega yale, shingo ile! Nilikuwa narudi nyumbani nikifoka peke yangu barabarani.

Basi mwaka wa tisini na saba, miezi michache kabla ya uchaguzi, Mungu akanisikia. Ama aliamua kunifunza adabu, sijui.

Mheshimiwa alikuwa anakuja kufungua tangi la maji la kikundi cha akina mama hapa kwetu. Siku ya Jumatatu akanijia Titus, yule mtu wake wa mkono, mwenye kutembea amebeba simu kubwa ambayo hapa kwetu haikushika mtandao hata ukipanda juu ya paa. Akaniwekea mezani kitambaa. Kilikuwa cha pamba, kimechapwa picha ya Mheshimiwa ndani ya duara, na kando kando majani ya kijani. Uso, majani, uso, majani, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akasema Mheshimiwa anataka mkewe avae hicho siku ya Jumamosi, na ashonewe na fundi wa hapa ili wananchi waone anawapenda watu wake. Sketi ndefu ya kubana na blauzi. Mikono mirefu. Kola ya kufunga. Uso mmoja ukae kifuani, upande wa moyo.

Nilifurahi, sitadanganya. Lakini furaha yenyewe ilikuwa na hofu ndani yake. Kibanda changu kilikuwa kwenye ardhi ya barabara, sina barua, sina hati, nilikuwa hapo kwa neno la Mheshimiwa tu. Aloys kinyozi naye alikuwa hapo kwa neno lilo hilo. Siku moja Aloys akatania wateja wake kwamba nywele za Mheshimiwa haziko nyeusi kwa ujana, ziko nyeusi kwa rangi ya viatu. Watu wakacheka. Siku ya tatu tulipofika kazini, kibanda cha Aloys hakikuwepo. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa mtaroni, miguu juu. Mheshimiwa yule alikuwa anavumilia njaa ya watu, anavumilia ukame, anavumilia hata kuibiwa. Kuchekwa, hapana. Na kibanda kile ndicho kilichokuwa mume wangu, shamba langu na karo ya watoto wangu wawili.

Jumanne wakamleta Mama Kamanthe nimpime. Alisimama katikati ya kibanda akanyoosha mikono bila kuambiwa. Nilimwuliza anapenda sketi ifike wapi. Titus akajibu, ifike kwenye kifundo. Nikamwuliza mama kama angependa shingo iwe wazi kidogo, kwa sababu ya joto. Titus akajibu kwamba Mheshimiwa anapenda iliyofungwa. Nikamkata Titus jicho, nikamwambia aende nje, hapa tunapima kiuno. Alipotoka Mama Kamanthe alinitazama akatabasamu kidogo, kisha akasema, "Fanya tu vile wamesema, Mbula. Ndiyo rahisi."

Sasa sikilizeni kazi ya fundi ilivyo, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kitambaa chenye picha ya mtu hukikati ovyo. Lazima ufikirie mtu atakaa wapi. Uso hauwekwi kwapani, hauwekwi kwenye tumbo la mjamzito, na zaidi ya yote hauwekwi nyuma, pale mtu anapokalia. Mimi nilipanga vizuri. Kifuani uso mmoja, sketi ya mbele nyuso mbili chini karibu na pindo, na nyuma kipande kizima cha majani matupu. Nilikichora kwa chaki nikajisifu mwenyewe.

Alhamisi, Titus huyo. Mheshimiwa amesema pia pawe na kilemba. Kilemba kirefu, cha kupanda juu, chenye uso mbele. Nikamwambia kitambaa hakitoshi. Akaniambia Mheshimiwa hajauliza kama kinatosha. Akaondoka.

Kilemba kikala kipande changu cha majani. Kilichobaki vilikuwa vipande viwili vyembamba, na kila kimoja pembeni mwake kina nusu ya uso, kimoja nusu ya kushoto na kingine nusu ya kulia. Haidhuru, nikasema. Nitavibadilisha, cha kulia kiende kushoto na cha kushoto kiende kulia, ili hizo nusu ziangukie nyongani ziliwe na mshono wa pembeni. Katikati yatakutana majani kwa majani, nani atajua? Mpango mzuri kabisa. Lakini Ijumaa gari la kuchukua nguo lilikuja saa saba badala ya saa kumi, likakaa nje likipiga honi, na nguo hushonwa ikiwa ndani nje, kulia inakuwa kushoto, na upande wa ndani wa kitambaa kile rangi yake ilikuwa hafifu, huoni pua wala jicho. Nikashona mbio. Nikapiga pasi kwa ndani, kwa maana kitambaa cha kuchapwa ukikipiga pasi kwa nje kinang'aa vibaya. Nikaigeuza, nikaitazama mbele, ikanipendeza, nikaikunja. Titus akaitia garini. Haraka haraka, mwaijua wenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia kibanda, nimevaa vizuri niende sherehe. Fagio likaleta vile vipande vyembamba nilivyopunguza kwenye mishono ya pembeni. Nikaviangalia tu hivi hivi. Majani. Nikainama nikaokota vingine. Majani. Nikaviokota vyote nikavipanga juu ya meza, nikavipekua kimoja kimoja, kwa sababu vile vipande vingepaswa kuwa na pua na masharubu ya Mheshimiwa, na havikuwa na hata unywele. Kama pua haiko pembeni, iko wapi?

Iko katikati. Nilikuwa nimezishona nusu mbili za Mheshimiwa zikaungana, pua kwa pua, mdomo kwa mdomo, mahali pale pale. Na mimi najijua, mshono wangu hauendi kombo. Uso ulikuwa mzima, umenyooka, anatabasamu.

Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za sherehe. Nilimwona Aloys na kiti chake mtaroni. Niliwaona wanangu wakirudishwa kutoka shuleni na masanduku yao. Kisha nikakasirika, nikajitukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili, nikainuka nikaenda duka la pili, kwa Qaali.

Qaali alikuwa muuza vitambaa, mke wa Yahye mfanyabiashara wa ng'ombe, na tulikuwa majirani miaka tisa. Uzi wangu wote ni wake. Nilimweleza huku nahema. Hakucheka, Mungu ambariki, ingawa niliona anauma mdomo wa chini. Aliuliza kama mama ameshaivaa. Nikasema wanatoka kwao asubuhi, atakuwa ameivaa, na msafara unafika saa nne. Ilikuwa saa tatu na robo.

"Nyinyi Wakamba si mna ile desturi ya kumfunga mgeni leso?" akaniuliza.

Ninge­mbusu. Tunayo, ndiyo. Akina mama wakipokea mgeni wa heshima wanamvika kyondo, kikapu chetu cha mkonge, begani na kumfunga leso kiunoni juu ya nguo zake, na hata awe malkia hawezi kukataa. Qaali akapanda kwenye stuli akateremsha leso pana kuliko zote, nyekundu na nyeusi, akanitupia akaniambia mengine tutaongea baadaye, nikimbie.

Lakini desturi ina wakati wake. Siku hizo leso ilikuwa inafungwa mwisho, baada ya hotuba zote, mgeni akiaga. Kabla ya hapo mama angeshuka garini, angepita mbele ya umati mzima, angepanda ngazi za jukwaa akiwapa watu mgongo. Watu elfu mbili. Lazima afungwe leso pale pale mlangoni mwa gari. Na aliyeweza kuamua hivyo alikuwa mtu mmoja tu, Kavutha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ambaye mimi na yeye hatukuwa tumesalimiana tangu Pasaka kwa sababu alidai sare za kikundi nilizishona zikabana makwapa. Alinenepa yeye, lakini tuyaache hayo.

Nilimkuta uwanjani anapanga viti. Nikamwambia leso ije mwanzo. Akasema ratiba imepigwa chapa. Nikasema ibadilishwe. Akasema mimi si mwanakikundi. Nikaona dakika zinakwenda na mwanamke huyu ananipigia ngonjera. Na Kavutha, hata nimpende vipi, hajatunza siri tangu abatizwe. Ukimwambia jambo saa tatu, saa nne linauzwa sokoni Thika. Lakini anayezama hashindani na unyasi anaoushika. Nikamvuta nyuma ya tangi la maji nikamwambia yote.

Alinitazama. Akauliza kama ni uso wote. Nikasema wote. Akauliza kama na masharubu. Nikasema Kavutha, na masharubu. Basi yule mwanamke akashika ukuta wa tangi, akacheka bila sauti hadi machozi yakamtoka, mwili mzima unatikisika, na mimi nimesimama pale na leso yangu natamani ardhi inimeze. Alipomaliza akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akapuliza filimbi yake, akawaita akina mama wote. Akawatangazia kwamba mpango umebadilika, mgeni atavikwa mlangoni mwa gari, na yeyote mwenye swali aje amwulize kesho. Sikuwahi kumpenda mtu vile.

Msafara ukafika na vumbi lake. Akina mama wakalizunguka gari wakiimba, vigelegele, filimbi, mwendo ule wa kutikisa mabega. Mheshimiwa akatoka upande wa kwanza akipunga mkono, akaenda zake kuwasalimu wazee. Mlango wa pili ukafunguka. Nilikuwa nimejipenyeza mbele kabisa. Mama Kamanthe akateremsha mguu mmoja, akasimama, na kola ile ilikuwa imembana shingo kweli kweli. Alipogeuka kuchukua mkoba wake ndani ya gari, nikauona.

Aiya, watu wangu. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Kitambaa kikivutika, na uso nao unanona. Kavutha naye aliuona, akapuliza filimbi kwa nguvu hata watoto wakaziba masikio, na wanawake wakambana mama pande zote. Nikarusha leso kiunoni pake, nikaifunga mafundo mawili, kiuno hadi magotini, hakikubaki kitu. Mama Kamanthe aliniangalia tu, akasema asante, akavikwa kyondo, akatembea akapita mbele ya watu elfu mbili, akapanda ngazi zote sita, na umati haukuona ila maua mekundu na meusi. Nikashusha pumzi iliyokaa ndani tangu saa tatu. Kavutha akanishika mkono.

Nikadhani yamekwisha.

Mama Kamanthe alifika kwenye kiti chake, kwenye safu moja tu iliyopangwa jukwaani mbele ya ukuta wa mabati, karibu na cha mumewe. Akageuka akawaangalia watu, mgongo ukutani. Kisha akayafungua yale mafundo. Taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Akaivua leso, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani, akaishika sketi kwa nyuma kwa mikono miwili akainyoosha vizuri isijikunje, akakaa.

Nilisema moyoni, hajui. Ameona joto, ameivua, hajui kilicho nyuma, na hotuba zikiisha atasimama hivyo hivyo awape mgongo wazee wa baraza, na mimi kesho nitaitafuta cherehani yangu mtaroni. Nilitaka kupanda jukwaani. Askari akanitazama, nikarudi chini. Kavutha akaanza kunong'ona maombi ya Kikatoliki, na yeye ni wa kanisa la African Inland.

Mheshimiwa akahutubu. Saa moja na dakika arobaini, nilihesabu kila moja. Alisema tangi lile ni yeye. Barabara ni yeye. Mvua ikija mwezi ujao, nayo ni kwa uhusiano wake mwema. Akamwonyesha mkewe kwa kidole akawaambia wananchi watazame, hata nguo yake imetangaza maendeleo. Watu wakapiga makofi. Mama Kamanthe akainamisha kichwa kidogo na kile kilemba kirefu. Na mimi niliyekuwa nimemtazama mwanamke yule kwenye sherehe zote, koti la manyoya, visigino, kofia ya Jamhuri, nilikuwa sijawahi kumwona amekaa vile. Siku zote alikuwa akikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa. Siku hiyo alikuwa ameegemea nyuma. Amejaza kiti. Kila Mheshimiwa alipojisifu, yeye alijisogeza kidogo, akakaa vizuri zaidi.

Kisha mwenye kuongoza sherehe akatutaka tusimame kwa wimbo wa taifa. Nikafumba macho. Halafu nikayafumbua, maana ni heri kuiona ajali. Watu wote jukwaani walisimama. Mama Kamanthe peke yake alibaki amekaa kwa muda wa pumzi mbili. Akaichukua leso mapajani, akaipitisha nyuma, akaifunga kiunoni mafundo mawili, yangu yale yale, akaipapasa kwa nyuma ahakikishe imefunika kila kitu. Ndipo akasimama. Akaimba.

Kavutha alinigeukia, mdomo wazi. Alikuwa anajua. Yule mama alikuwa anajua tangu asubuhi, tangu alipojitazama kwenye kioo cha nyumbani kwake, akavaa, akaingia garini akaukalia uso ule karibu na mwenye uso, kutoka kwao hadi kwetu. Machozi yalinitoka, na kicheko pamoja nayo, nikajifanya ni wimbo wa taifa umenigusa.

Walipokuwa wakiondoka, Mheshimiwa alinipa mkono. Akasema nimejitahidi, picha zimetoka wazi. Titus alikuwa nyuma yake akitikisa kichwa kukubali. Nikamwambia asante, Mheshimiwa. Akapita.

Mama Kamanthe alisimama mbele yangu, leso kiunoni, kyondo begani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaanza kumwomba msamaha, mwaitu, mama yangu, ni haraka, ni kilemba, kitambaa hakikutosha. Akanikatiza.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye majukwaa haya," akasema polepole, ili nisikie mimi tu. "Leo ndiyo mara ya kwanza sikuchoka."

Kwa mkono uliobaki nikayaweka sawa mafundo ya leso yake.

"Nguo ya Desemba utanishonea wewe. Titus atakuletea kitambaa. Mbele shona vile watakuambia," akasema, akaniachia mkono akaufungua mlango wa gari. "Nyuma usibadilishe kitu."